Lenzi mpya ya wanyamapori: ijaribu hivi kabla ya kuilaumu, kutoka ukuta wa nyumbani hadi Ziwa Nakuru

Picha ninayoletewa mara kwa mara ni ya aina moja. Kifaru yuko katikati, mwanga ni mzuri, migunga ya manjano inang'aa nyuma yake, lakini jicho lake limefifia kana kwamba limepakwa mafuta. Aliyeipiga amenunua lenzi ya 600mm, amelipa langoni, amelipa gari, na swali lake ni moja: lenzi hii ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu. Ila kwa picha hiyo moja hatuwezi kujua, yeye wala mimi, kwa sababu siku hiyo alijaribu mambo manne kwa mpigo: lenzi, fokasi, mkono wake, na hewa iliyokuwa kati yake na mnyama. Picha isiyo kali ina washukiwa hao wanne. Ukiwakamata wote pamoja, hutajua mwenye hatia ni nani.

Mimi niliwahi kuuza lenzi nzima kwa hasara nikiamini imeharibika. Miezi michache baadaye nikaona picha ambazo mnunuzi alipiga nayo, manyoya ya ndege yakihesabika moja moja. Lenzi haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeijaribu saa saba mchana, juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa. Ndiyo maana nimeandika hatua hizi kwa mpangilio huu, na ndiyo maana nakuomba usiruke hata moja.

## Vitu vya kuandaa

Kamera na lenzi, bila shaka. Lenzi ninazozungumzia ni zile ndefu ambazo wengi wetu hununua: Sigma au Tamron 150-600, Nikon 200-500, Sony 200-600, Canon 100-500. Nyingi kati ya hizo zina uzito unaokaribia kilo 2 au kuzidi kidogo.

Zaidi ya hapo utahitaji:

- Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Iwe nzito. Ukiazima ya studio ya jirani, inatosha.
- Magazeti mawili ya zamani na gundi ya karatasi.
- Chupa tano za soda zenye maandishi.
- Tochi ya simu.
- Mguu mmoja wa suruali kuukuu ya jinzi, ulioshonwa upande mmoja, na kilo 2 za maharagwe au mahindi. Huu ni mfuko wa kulazia lenzi. Jaza robo tatu tu, usiushindilie, maana ukiwa mgumu kama mto mpya lenzi itateleza badala ya kuzama.
- Daftari na kalamu. Namba utakazoziandika humo ndizo matokeo ya zoezi hili.
- Kompyuta ya kutazamia picha. Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo, na kila picha huonekana nzuri pale.

Jambo la mwisho la kuandaa ni makubaliano na aliyekuuzia. Kabla ya kulipa, mwombe akuandikie una siku ngapi za kurudisha, na tarehe ianze siku uliyoipokea mkononi. Ukiwa Kisumu na lenzi imetoka Nairobi kwa basi, siku mbili zinaweza kuliwa na safari.

## Hatua ya 1: Ikague mezani

Shika lenzi sikioni uitikise taratibu. Sauti ndogo ya kitu kinachocheza inaweza kuwa ya kawaida kwa lenzi zenye kizuia mtikisiko, kwa sababu kuna kioo kinachoelea ndani. Sauti ya kitu kilichokatika, kama njegere kwenye kopo, si ya kawaida.

Washa tochi nyuma ya lenzi uchungulie mbele, kisha ugeuze. Vumbi chache hazina neno. Hazitaonekana kwenye picha. Unachotafuta ni ukungu wenye nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Lenzi zilizotumika na kukaa mahali penye unyevu, ziwani au pwani, huipata sana, na kuvu ikishaingia kati ya vioo huna kitambaa cha kuifutia. Rudisha siku hiyo hiyo.

Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Izunguke bila kukwama wala kukwaruza mahali. Kisha elekeza lenzi chini: nyingi hujivuta zenyewe kwa uzito, na kwa hiyo zina kitufe cha kufungia zumu. Hakikisha kitufe hicho kinashika.

Unapoifunga kwenye kamera, shika lenzi na uache kamera ining'inie, si kinyume chake. Kilo 2 zikining'inia kwenye mdomo wa kamera zinaweza kuupinda, na mdomo uliopinda hutoa picha iliyo kali upande mmoja na dhaifu upande wa pili. Kwenye tripodi vilevile: anayefungwa ni lenzi, kwa ule mguu wake wa chini.

Na kama umewekewa kioo cha bei rahisi cha kukinga mbele ya lenzi, kivue sasa hivi. Kwenye lenzi fupi huenda usione tofauti. Kwenye 600mm kioo duni kinatosha kuharibu kila picha utakayopiga, kisha lenzi ikabebeshwa lawama. Kinga ya kweli ni ile kofia ndefu ya plastiki iliyokuja nayo.

## Hatua ya 2: Funga mipangilio ya kamera

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, pamoja na JPEG. Chagua pointi moja ya fokasi katikati. Weka ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iwe ya chini, 100 au 200. Apacha, yaani lile tundu linalopitisha mwanga, liwe wazi kabisa kwa kuanzia: f/6.3 au namba ndogo zaidi ambayo lenzi yako inayo. Andika daftarini. Usibadilishe chochote hadi mwongozo utakapokuambia.

## Hatua ya 3: Ukuta

Hapa ndipo wengi hukosa subira, na hapa ndipo lenzi yenyewe inapojulikana. Tenga asubuhi nzima.

Tafuta ukuta wa matofali au mawe ya kuchonga wenye kivuli. Bandika kurasa za gazeti tano: moja katikati, nne kwenye pembe za eneo ambalo kamera inaliona. Kwa 600mm, simama mita 15 hadi 20 kutoka ukutani. Kwa 400mm, mita 10 hadi 15 zinatosha. Fanya saa moja asubuhi, kabla ardhi haijapata joto.

Kamera iwe mraba na ukuta. Ukisimama kimshazari, upande mmoja utakuwa karibu zaidi na picha itaonyesha ubovu ambao haupo. Njia rahisi ya kupima: mistari ya matofali iende sambamba na kingo za juu na chini za picha.

Zima kizuia mtikisiko. Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Sigma OS, Tamron VC. Juu ya tripodi lenzi nyingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo, na katika kuutafuta zinautengeneza. Kisha weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiiguse kamera wakati wa kupiga.

Sasa piga hivi:

1. Fokasi kwa mkono, ukitumia kioo cha nyuma kilichokuzwa hadi mwisho. Piga picha tatu kwenye f/6.3 na tatu kwenye f/8.
2. Vuruga fokasi kwa kuizungusha hadi mwisho, kisha iache kamera ifokasi yenyewe. Piga. Rudia mara kumi, na kila mara uivuruge kwanza.
3. Rudia yote haya kwenye urefu tatu: mfupi kabisa, wa kati, na mrefu kabisa.

Kwa nini mkono kwanza? Kwa sababu fokasi ya mkono inatuonyesha uwezo wa vioo vyenyewe. Ndiyo kipimo tutakacholinganishia mengine yote. Asiye na kipimo hiki atabishana na fundi bila ushahidi.

Nenda kwenye kompyuta, kuza hadi asilimia 100, usome gazeti.

Maandishi ya katikati yakisomeka vizuri kwenye f/6.3 na yakaongeza ukali kidogo kwenye f/8, hiyo ni lenzi nzima. Usitarajie miujiza pale mwisho wa zumu; karibu lenzi zote za aina hii hulegea kidogo zinapofika 600mm.

Pembe zote nne zikiwa dhaifu kwa kiasi kinacholingana, ni tabia ya kawaida. Mnyama hukaa pembeni mara chache. Lakini pembe mbili za kushoto zikisomeka na mbili za kulia zikawa ukungu, kwanza hakikisha kamera ilikuwa mraba. Rudia ukiwa umegeuza kamera wima. Ukungu ukihama pamoja na upande ule ule wa lenzi, kuna kioo kilichokaa vibaya ndani. Hilo hulirekebishi wewe. Rudisha, na upeleke picha hizo kama ushahidi.

Na ikiwa picha za fokasi ya mkono ni kali lakini zile za fokasi ya kamera ni dhaifu, vioo vya lenzi havina hatia. Twende kwa mshukiwa wa pili.

## Hatua ya 4: Chupa tano

Panga chupa za soda kwa mshazari, kila moja sentimita 10 nyuma ya iliyotangulia. Simama mita 10. Fokasi chupa ya tatu, apacha wazi, tripodi, kizuia mtikisiko kimezimwa. Piga kumi, ukiivuruga fokasi kila mara.

Kwa umbali huo, 600mm kwenye f/6.3 ina kina cha ukali cha takriban sentimita 10 kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), na pungufu ya hapo, kama 7, kwa kamera yenye sensa ndogo. Ni upana wa kiganja. Ukifokasi bega la ndege wa karibu, jicho linaweza kuwa nje. Nawaomba mlione hili kwa macho yenu kwenye chupa, kwa sababu ukiambiwa tu huliamini.

Chupa ya tatu ikiwa kali mara tisa kati ya kumi, mshukiwa wa pili yuko huru. Ikiwa kali siku zote ni ya pili, fokasi inaangukia mbele. Ikiwa ya nne, inaangukia nyuma. Kamera zisizo na kioo cha kugeuka ndani husoma fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo tatizo hili huwa nadra kwao. Kamera za zamani zenye kioo hulipata sana, na baadhi zina sehemu ya kulisahihisha kwenye menyu: AF Fine Tune kwa Nikon, AF Microadjustment kwa Canon. Kamera ndogo za bei nafuu mara nyingi hazina. Mwenye Sigma au Tamron wa aina inayokubali anaweza kuisahihisha lenzi yenyewe kwa kifaa kidogo cha kuunganisha na kompyuta, USB Dock ya Sigma au TAP-in Console ya Tamron.

Rekebisha kidogo kidogo na upige chupa tena. Fokasi ikiangukia mbele mara moja na nyuma mara nyingine bila mpangilio, hakuna marekebisho yatakayoisaidia. Safisha vidoti vya shaba pale lenzi inapokutana na kamera kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena. Isipotulia, rudisha.

## Hatua ya 5: Mkono wako

Washa kizuia mtikisiko. Toa lenzi kwenye tripodi. Rudi kwenye gazeti la katikati.

Piga kumi kwa kila kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka: 1/2000, 1/1000, 1/500, 1/250, 1/125. ISO iache ijipange yenyewe. Hesabu zilizo kali. Kasi ya mwisho ambayo saba kati ya kumi zinasomeka, hiyo ndiyo kasi ya mkono wako. Iandike kwa herufi kubwa.

Kanuni ya zamani husema kasi isipungue urefu wa lenzi: 600mm, basi 1/600 au zaidi. Mwenye sensa ndogo azidishe kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, maana 600mm kwake huona kama 900 au 960. Kizuia mtikisiko hukuruhusu kushuka chini ya hapo. Lakini ni mkono wako wewe unaopimwa, baada ya chai yako, kwa uzito ulioshika. Mwanafunzi wangu mmoja mwembamba hupiga vizuri kwa 1/200. Mimi 1/1000.

Rudia ukiwa umelaza lenzi kwenye mfuko wa maharagwe juu ya ukuta mfupi au dirisha la gari. Wengi hushtuka hapa. Mguu wa suruali kuukuu unashinda fimbo za gharama za kuegemeza lenzi kwa sababu lenzi inalala ndani yake na mtetemo unakufa.

Jambo moja lisikupotoshe: kizuia mtikisiko hutuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Swala akigeuza kichwa kwa 1/125, atatoka ukungu hata kamera ikiwa imefungwa kwenye mwamba.

## Hatua ya 6: Hewa

Huyu ndiye mshukiwa asiyetajwa, na kwa maoni yangu ndiye anayebeba dhambi nyingi kuliko wote watatu.

Jua likipanda, ardhi huchemka na kupasha hewa iliyo juu yake. Hewa moto na hewa baridi hupindisha mwanga kwa viwango tofauti, na zikichanganyika, picha inayokufikia imekwishavurugwa kabla haijagusa lenzi. Lenzi ndefu hukuza mvurugo huo pamoja na mnyama. Kununua lenzi kali zaidi hakusaidii lolote.

Fanya jaribio hili mara moja maishani. Chagua bango lenye maandishi lililo mita 100 au zaidi, ng'ambo ya uwanja au barabara ya lami. Kwa tripodi, 1/1000, piga ishirini mfululizo saa moja asubuhi. Rudi mahali pale pale saa saba mchana, upige ishirini nyingine. Kisha piga gazeti lililo mita 10 saa hiyo hiyo ya mchana.

Dada mmoja wa Kisumu aliniletea matokeo yake akiwa amekata tamaa.

"Mwalimu, zile za mchana zote zimepondeka. Hii lenzi inachoka?"

"Na la mita kumi je, dada?"

"Hilo linasomeka vizuri kabisa."

Jibu lilikuwa hapo. Lenzi inayosoma gazeti karibu na kushindwa na bango la mbali wakati wa jua kali haijaharibika. Dalili nyingine: ziangalie zile ishirini kwa mfululizo. Kila moja imepinda kwa namna yake, herufi zinacheza kama ziko chini ya maji. Fokasi ikikosea, hufifisha zote kwa namna inayofanana. Hewa hupindisha.

Andika saa ambayo bango lilianza kucheza kwenu. Nakuru, siku ya jua, mimi huanza kuliona mnamo saa tatu unusu. Siku ya mawingu unaweza kupiga hadi adhuhuri.

Gari nalo ni jiko. Usipige juu ya boneti. Zima injini, mwambie dereva kwa heshima, "Dereva, tuzimie kidogo tafadhali," na abiria wenzako watulie, maana gari la watu saba hutikisika mtu mmoja akivuka mguu. Kama mlikuwa mmewasha kipoza hewa, fungua dirisha usubiri dakika kadhaa, kwa sababu hewa baridi ikitoka kukutana na ya nje hapo hapo dirishani huvuruga picha vilevile.

## Hatua ya 7: Vinavyosogea, kuanzia bodaboda

Usianze na ndege. Anza na bodaboda. Simama mahali salama mbali na ukingo wa barabara, weka fokasi ya kuendelea, ile inayofuata kitu kinachosogea, eneo dogo la pointi, 1/1600, na ufuate namba ya usajili iliyo nyuma ya pikipiki zinazokupita na kuondoka. Zinakuja nyingi, hazichoki, na namba ya usajili inakwambia ukweli: inasomeka au haisomeki. Ukipata tano kati ya kumi, uko tayari kwa ziwa.

Kisha nenda Dunga. Ni ufuo wa wavuvi nje kidogo ya mji wa Kisumu, penye mafunjo na mitumbwi, na ndege wake wamezoea watu. Yangeyange husimama kusubiri mabaki ya samaki, fundichuma hutembea kwenye tope, mnandi huanika mabawa juu ya nguzo. Wote hao ni wa kujifunzia: wakubwa, watulivu, wa karibu.

Yangeyange ni mweupe sana, kwa hiyo punguza mwanga wa picha kwa theluthi mbili ya hatua au hatua nzima (-0.7 hadi -1 kwenye kamera), la sivyo manyoya yataungua na utafikiri lenzi haioni manyoya.

Mtihani wa kweli ni mdiria, yule wa rangi nyeusi na nyeupe. Husimama hewani akipiga mabawa, kichwa kikiwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini. Wakati ule wa kusimama hewani ni zawadi kwa mwenye lenzi mpya. Weka 1/2500 hadi 1/3200. Fupisha zumu hadi 200 au 300, mtafute, mfokasi, kisha ndipo urefushe. Ukimtafuta ukiwa tayari kwenye 600mm, utaona anga tupu hadi aondoke.

Lenzi nyingi zina swichi ya kuweka mipaka ya fokasi. Iweke kwenye upande wa mbali, ili isipoteze muda kupekua mafunjo yaliyo miguuni pako. Kama fokasi inarukia mafunjo kila mara, tatizo ni eneo la pointi, lipunguze.

Ukipanda mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea kabla ya kushika kamera, na mkanda wa lenzi uwe shingoni. Tripodi haina kazi majini. Ongeza kasi ya shata mara mbili ya ile ya mkono wako. Furukombe akishuka, usibonyeze kitufe tangu akiwa tawini. Anza anapokunjua miguu.

Onyo kuhusu unyevu: ukitoka chumba chenye kipoza hewa, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa nusu saa nje kabla ya kuifungua. Ukiitoa ghafla itavaa ukungu, mbele na pengine ndani.

Msitu wa Kakamega uache baadaye. Mbega na hondohondo wako juu, mwanga ni hafifu, na ISO itapanda hadi usijue unachopima. Hifadhi ya Saiwa karibu na Kitale ni bora kwa hatua inayofuata: unatembea kwa miguu, na kuna majukwaa ya mbao ya kumsubiri nzohe, swala wa kwenye kinamasi, ambapo mfuko wa maharagwe unalala vizuri.

## Hatua ya 8: Siku ya Ziwa Nakuru

Sasa lipa langoni. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yakamilishe jioni ya kabla. Usiwe unahangaika na mtandao wakati mwanga bora unapita. Uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Jua huchomoza baada ya hapo kidogo, na kwa hesabu ya Hatua ya 6 una takriban saa tatu za hewa safi. Zitumie kwa walio mbali. Walio karibu wanaweza kusubiri.

Asubuhi tafuta upande wa mashariki wa ziwa, jua likiwa mgongoni mwako. Maji yalipopanda miaka ya 2010 yalimeza barabara za kando ya ziwa na hata lango kuu la zamani, kwa hiyo waulize maafisa wa lango ni njia zipi zinapitika siku hiyo. Heroe (flamingo) nao huhamahama kati ya maziwa ya Bonde la Ufa. Usiende ukiwa umeahidiwa ziwa la waridi. Mwari, nyati, kuro, twiga na kifaru watakutosha.

Mpangilio wangu wa siku ya kwanza: nyati aliyelala, mita 30 au 40, kwa mfuko wa maharagwe dirishani. Hasogei, ana mikunjo na kope za kuhesabu. Nyati asipotoka kali hapo, simama, usiendelee; rudi daftarini uone ni hatua gani umesahau. Akitoka kali, nenda kwa kuro anayetembea, 1/1000. Kisha mwari anayeruka, 1/2000. Kifaru awe wa mwisho, ukiwa umeshajiamini.

Baada ya saa tatu unusu, badilisha kazi. Piga wa karibu tu, au fupisha zumu upige mnyama na mahali pake. Kipanuzi cha 1.4, kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kurefusha lenzi, kikae begini: lenzi ya f/6.3 inakuwa f/9, na kamera nyingi zenye kioo hushindwa kufokasi.

Funga madirisha unapokaribia nyani. Wanajua begi ni nini. Usitoke garini isipokuwa mahali palipoandikwa kwamba panaruhusiwa, hata kama pembe ya picha ni nzuri kiasi gani. Na picha ya kifaru, kabla ya kuiweka mtandaoni, iondolee taarifa za mahali ilipopigwa, na usitaje kona uliyomwona. Majangili nao wanasoma.

## Kutoa hukumu

Rudi na daftari. Lenzi iliyofaulu ukutani na kwenye chupa ni lenzi nzima, hata kama siku ya Nakuru ilikwenda vibaya. Usiirudishe. Lenzi iliyofeli ukutani ni mbovu, hata kama ulibahatisha picha moja nzuri ya twiga. Irudishe kabla siku hazijaisha, ukiwa na picha za gazeti, pembe zote nne.

Ukiamua kubaki nayo, ihifadhi kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, hasa ukiwa karibu na Ziwa Viktoria. Kisha kata kipande cha karatasi, andika namba zako, ukibandike ndani ya kifuniko cha lenzi ambapo utakiona kila unapoifungua. Changu kinasomeka hivi:

600mm, f/7.1.
Mkono 1/1000. Mfuko 1/250.
Baada ya saa tatu unusu, kitu kilicho zaidi ya mita 80 usikipige.